Ile Guangzhou iliyoifunga Al Ahly imeenda wapi? Tuielewe taratibu

Kila klabu ya Saudi Arabia ikisajili staa kutoka Ulaya kuna mtu lazima ataandika "subirini, mtaishia kama China". Mwingine anauliza kwani China ilikuwaje, wa tatu anajibu timu yao kubwa ilikamatwa inapanga matokeo, wa nne anasema hapana ni serikali ilichoka kutoa hela, wa tano anasema korona ndiyo iliwamaliza. Ukisoma majibu yote unatoka umechanganyikiwa kuliko ulivyoingia.

Timu inayozungumziwa hapo karibu mara zote ni moja, Guangzhou Evergrande, mabingwa wa Asia mwaka 2013 na 2015, na ni kweli haipo tena. Tarehe 6 Januari 2025 chama cha soka cha China kilitoa orodha ya klabu zilizopata leseni ya msimu mpya, Guangzhou haikuwemo, na siku hiyohiyo klabu ikatoa taarifa kwamba imejitahidi kutafuta hela lakini madeni ya nyuma ni makubwa mno, ikaomba radhi kwa mashabiki. Klabu yenye ubingwa wa China mara nane ikafutika hivyo. Na kilichoiua sio kimojawapo kati ya hivyo vitatu watu wanavyovitaja, ingawa kila kimoja kina kaukweli kake kadogo ndani, na hapo ndipo watu wanapochanganya.

Kabla hatujaenda mbali tuwekane sawa kwenye vitu vitatu ambavyo watu huvichukulia kama kitu kimoja. Kuna timu, yaani wachezaji, kocha, jezi, mashabiki na historia. Kuna mmiliki, yaani kampuni yenye hisa, na kwa China kampuni ndiyo kila kitu, hakuna mwanachama mwenye kadi na kura kama mlivyozoea kwa Simba na Yanga, mwenye hisa akisema tunafunga basi mnafunga. Halafu kuna leseni, kibali ambacho chama cha soka kinatoa kila msimu, na sharti lake kubwa ni kwamba uoneshe umelipa mishahara na madeni yako. Timu inaweza kuwa nzuri uwanjani, mmiliki akawa taabani, na leseni ikakataliwa. Guangzhou ndivyo ilivyokwenda, kwa mpangilio huohuo.

Majina mengi, timu moja

Hili la majina linawachanganya wengi kwa hiyo tulimalize mapema. Timu ilianzishwa mwaka 1954 ikiwa timu ya jiji la Guangzhou, inaendeshwa na serikali kama timu zote za China za enzi zile. Mwaka 1984 kampuni ya dawa ya Baiyunshan ikaanza kuidhamini, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa nchini kwao, na mwaka 1993 kampuni ya Apollo ikaingia na timu ikawa ya kulipwa. Mwaka 1994 ligi ya kulipwa ya China ilipoanza wakamaliza nafasi ya pili nyuma ya Dalian. Baada ya hapo wakashuka, wakahangaika, na kila mdhamini aliyekuja aliweka jina lake mbele. Kampuni ya magari ya Geely imepita hapo, kampuni za dawa zimepita hapo. Ndio maana ukitafuta historia yao unakutana na majina kibao unadhani ni timu kumi tofauti. Ni ileile.

Kwa hiyo Guangzhou Evergrande, Guangzhou Evergrande Taobao na Guangzhou FC ni timu moja. Ila Guangzhou R&F ni timu nyingine kabisa, ilihamia hapo mjini mwaka 2011, ilikuwa inatumia uwanja wa Yuexiushan, baadaye ikaitwa Guangzhou City, nayo imekufa mwaka 2023. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou na kufikia Xiaobei, Yuexiushan haupo mbali na hapo mnapolala. Tianhe, uwanja wa Evergrande, uko wilaya ya pili yake.

Kupanga matokeo kulitokea kweli, lakini lini?

Hapa ndipo uongo wa kwanza unapozaliwa. Ni kweli Guangzhou waliadhibiwa kwa kupanga matokeo, lakini ilikuwa Februari 2010, kwa kosa lililofanyika mwaka 2006 kwenye ligi daraja la kwanza. China ilikuwa kwenye msako mkubwa wa rushwa kwenye soka, marefa na viongozi wakaenda jela, na Guangzhou wakashushwa daraja. Timu ikawa haina thamani, haina mdhamini, ina aibu. Mwezi uliofuata kampuni ya kujenga nyumba iitwayo Evergrande ikainunua kwa yuan milioni 100, kama dola milioni 14 na ushee kwa wakati ule.

Kwa hiyo kashfa ndiyo iliyomleta tajiri. Miaka kumi na tano kati ya adhabu hiyo na kufa kwa klabu ni mingi sana kuvisema vyote kwa sentensi moja kama watu wanavyofanya.

Sasa huyu Evergrande ni nani

Hili ndilo jambo lenyewe, ukilielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe.

Evergrande ilianzishwa mwaka 1996 hukohuko Guangzhou na Xu Jiayin. Biashara yake ilikuwa kujenga maghorofa ya kuishi, na mtindo wake, kama kampuni nyingi za China, ulikuwa kuuza nyumba kabla hazijajengwa. Unaoneshwa ramani, unaoneshwa picha, unalipa, wengi wanalipa kwa mkopo wa benki, halafu unasubiri. Hela yako inatumika kununua kiwanja kingine, na kile kiwanja kingine kinawekwa rehani kuchukua mkopo mwingine.

Chukulia fundi seremala wa mtaani anayepokea advansi yako ya kitanda, anaenda kununulia mbao za kabati la mteja wa wiki iliyopita, na huyo wa wiki iliyopita hela yake ilishamaliza meza ya mtu wa mwezi jana. Wateja wakiendelea kumiminika kila mtu anapata chake, kwa kuchelewa lakini anapata, na fundi anaonekana mtu wa maana mtaani. Wateja wapya wakikatika mwezi mmoja tu ndipo mnajua hela haikuwahi kuwa yake.

Biashara ya namna hii inakula uaminifu. Mtu hawezi kulipia ghorofa ambalo halipo kama hakuamini. Jina lako lazima lijulikane nchi nzima na lihusishwe na ushindi, na hakuna tangazo la televisheni linaloweza kufanya hivyo kama timu ya mpira inayoshinda kila wikiendi. Kuna na faida nyingine ambayo wachambuzi wengi wa soka la China wameizungumza, kwamba ardhi ya China iko mikononi mwa serikali, viongozi wa miji wanapenda timu ya jiji lao ing'are, na mwenye timu anakaa vizuri na hao wanaogawa viwanja. Miaka ile nusu ya ligi ilikuwa mikononi mwa watu wa majengo, na haikuwa bahati mbaya.

Miaka ya raha

Na walishinda jamani, tusiwapunje. Mwaka 2010 wakiwa daraja la kwanza, yaani ngazi moja chini ya ligi kuu, wakamsajili Muriqui kutoka Brazil kwa dola milioni 3.5, rekodi ya nchi nzima kwa wakati ule, na timu yenyewe hata ligi kuu haipo. Wakapanda. Mwaka 2011, msimu wao wa kwanza waliporudi, wakachukua ubingwa. Katikati ya msimu huo wakamleta Dario Conca, Muargentina aliyekuwa mchezaji bora wa ligi ya Brazil, kwa mshahara ambao magazeti ya dunia yalimweka kwenye kundi la wachezaji wanaolipwa zaidi duniani, wakati wapenzi wengi wa mpira nje ya Amerika Kusini walikuwa hata hawamjui.

Kulikuwa na utaratibu wao wa bonasi uliojulikana kwa namba tatu, tano moja tatu. Timu ikishinda mechi ya ligi wachezaji wanagawana yuan milioni 5, ikitoka sare milioni 1, ikifungwa wao ndio wanakatwa milioni 3.

Mei 2012 akaja Marcello Lippi, kocha aliyeipa Italia Kombe la Dunia 2006. Chini yake wakachukua ligi na kombe la chama, halafu mwaka 2013 wakaenda kuitafuta Asia. Nusu fainali waliipiga Kashiwa Reysol ya Japani 4-1 kule kwao na 4-0 nyumbani. Fainali walikutana na FC Seoul ya Korea Kusini, 2-2 Seoul, halafu tarehe 9 Novemba pale Tianhe ikawa 1-1, Elkeson alitangulia kufunga na Damjanovic akasawazisha dakika chache baadaye, na kuanzia hapo ni presha tupu mpaka kipyenga. Jumla 3-3, wakabeba kwa faida ya magoli ya ugenini. Muriqui alimaliza mfungaji bora wa mashindano kwa magoli 13. Kapteni Zheng Zhi akawa mchezaji bora wa Asia mwaka huo. Klabu ya China ilikuwa haijabeba kombe la klabu bingwa Asia tangu Liaoning mwaka 1990.

Mwezi uliofuata ndipo wengi wetu Afrika tuliwaona kwa mara ya kwanza. Kombe la Dunia la Klabu, Agadir, Morocco, robo fainali dhidi ya Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika. Kipindi cha pili Elkeson akafunga, Conca akaongeza, 2-0, Al Ahly nje. Kwenye nusu fainali wakakutana na Bayern Munich wakala tatu bila, lakini sura ilishauzwa.

Mwaka 2015 wakarudia, safari hii na kocha Luiz Felipe Scolari, wakaifunga Al-Ahli ya Dubai goli 1-0 kwenye mechi ya marudiano baada ya 0-0 ya Dubai, mfungaji Elkeson tena. Ubingwa wa ligi walichukua saba mfululizo kuanzia 2011 hadi 2017, na wa nane 2019 wakiwa na kocha Fabio Cannavaro.

Zitazame zile jezi

Kama una picha za zile fainali mbili zitafute uzitazame kifuani. Usiku wa fainali ya 2013, mechi kubwa kuliko zote kwenye historia ya klabu hadi hapo, inatazamwa na China nzima, jezi ilibeba jina la maji ya kunywa, bidhaa mpya ya Evergrande ambayo ilikuwa inaingia sokoni kipindi hichohicho. Kwenye fainali ya 2015 mambo yakawa makubwa zaidi. Mdhamini wa jezi alikuwa Dongfeng Nissan, kampuni ya magari, amelipa na ana mkataba. Wachezaji walipoingia uwanjani kifuani hakuna Nissan, kuna bima ya maisha ya Evergrande. Klabu ilivunja mkataba wa mdhamini wake wazi mbele ya kamera kwa sababu usiku ule tangazo lilikuwa na thamani kubwa kuliko adhabu yoyote. Nissan wakaenda mahakamani, na mahakama ikaamuru walipwe.

Mimi naona picha hizo mbili zinaeleza kuliko hesabu yoyote. Mwenye timu ya mpira anayetaka timu yake isimame yenyewe humlinda mdhamini wake kama yai. Evergrande hawakuhitaji hela ya mdhamini, walihitaji kifua cha jezi.

Hesabu zenyewe zipo na zilikuwa wazi, maana mwaka 2015 klabu iliorodheshwa kwenye soko dogo la hisa la China kwa hiyo ilibidi itangaze mahesabu yake. Mwaka huohuo wa 2015, wamebeba Asia, wamebeba ligi, viingilio vimejaa, hasara ilikuwa karibu yuan milioni 950. Mwaka 2019, mwaka wa ubingwa wao wa mwisho, hasara ikapita yuan bilioni 1.9. Yaani kadiri walivyoshinda ndivyo walivyopoteza, kwa sababu hakuna kiingilio wala hela ya televisheni ya ligi ya China ambayo ingeweza kulipa mishahara ile. Februari 2016 walimnunua Jackson Martinez kutoka Atletico Madrid kwa euro milioni 42, akaumia, akacheza mechi chache, basi. Kuna dili zilizolipa, Paulinho walimuuza Barcelona kwa euro milioni 40 mwaka 2017 wakati walimchukua Tottenham kwa bei ya chini sana kuliko hiyo, lakini dili moja haijazi shimo la namna ile. Aliyekuwa anajaza shimo ni kampuni mama. Alibaba, wale wa biashara ya mtandaoni, walinunua nusu ya klabu mwaka 2014 kwa yuan bilioni 1.2, jina la Taobao ndipo lilipotokea, ila usukani ulibaki kwa Evergrande.

Serikali ilifanya nini hasa

Uongo wa pili unasema serikali ndiyo iliyokuwa inatoa hela na ikaacha. Hapana. Evergrande ilikuwa kampuni binafsi. Serikali ilitaka mpira ukue, mwaka 2015 ilitoa mpango mkubwa wa kurekebisha soka, na matajiri wakaona kumwaga hela kwenye mpira ni kwenda na upepo wa nchi. Lakini haikupita muda serikali yenyewe ikaanza kukaza kamba, hela zinatoka nje ya nchi kwa kasi na timu ya taifa haifiki popote. Mwaka 2017 ikawekwa kanuni kwamba klabu inayojiendesha kwa hasara ikinunua mchezaji wa kigeni kwa zaidi ya yuan milioni 45, inalipa kiasi kilekile tena kwenye mfuko wa vijana. Mwishoni mwa 2020 wakaweka ukomo wa mishahara, mgeni mwisho euro milioni 3 kwa mwaka. Na kuanzia 2021 wakapiga marufuku jina la kampuni kwenye jina la timu.

Hilo la mwisho watu hulipita haraka lakini kwa klabu ya aina hii lilikuwa zito. Kama sababu ya wewe kuimiliki timu ni jina lako liitwe kila wikiendi, na sasa jina limeondolewa, timu imekuwa Guangzhou FC, umebakiwa na nini zaidi ya bili?

Hata hivyo pigo lenyewe halikutoka kwenye mpira kabisa. Agosti 2020 serikali ililetea kampuni za majengo masharti ya madeni yaliyojulikana kama mistari mitatu myekundu, vipimo vitatu vya kulinganisha madeni na mali na hela taslimu, ukivivuka hukopi tena. Evergrande alikuwa amevuka vyote vitatu. Turudi kwa yule fundi wetu, ndiyo siku ambayo ameambiwa asipokee advansi mpya na kila aliyelipa anataka kitanda chake.

Korona basi haikuwa na mchango? Ulikuwepo, mechi zilichezwa kwenye vituo maalumu mbali na nyumbani, viwanja bila watu, mapato yakashuka kwa klabu zote. Lakini klabu ambayo mapato yake ya kawaida hayafiki hata nusu ya matumizi haiwezi kusema imeuawa na viingilio.

Ukitaka kuona jinsi walivyokuwa hawaamini kwamba mwisho umefika, tazama ule uwanja. Aprili 2020, korona iko juu, Evergrande wakaanza kujenga uwanja wa watu 100,000 wenye umbo la ua la yungiyungi, kwa yuan bilioni 12. Walisema utakamilika mwisho wa 2022. Mwaka 2021 kazi ikasimama, na Agosti 2022 kiwanja kikarudishwa serikalini ili hela itumike kupunguza madeni. Madeni ya kampuni nzima kwa wakati huo yalikuwa kama dola bilioni 300. Desemba 2021 wakatangazwa rasmi kuwa wameshindwa kulipa. Septemba 2023 Xu Jiayin akawa chini ya vyombo vya dola. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru kampuni ifilisiwe.

Timu ilikufa polepole

Huku chini timu ilikuwa inaendelea kucheza, na kipindi hiki ndicho ninachokiheshimu kuliko hata makombe. Cannavaro aliondoka Septemba 2021. Mastaa wakaondoka, wale Wabrazili waliopewa uraia wa China, Elkeson akiwemo, nao wakaondoka. Msimu wa 2022 timu ikabaki na vijana, wengi wametoka kwenye shule ya soka ya Evergrande kule Qingyuan, ile kubwa iliyofunguliwa 2012 kwa ushirikiano na Real Madrid. Watoto wale wakapigwa msimu mzima na Desemba 2022 wakashuka daraja. Lakini hawakusambaratika. Walicheza daraja la kwanza 2023, na 2024 wakamaliza nafasi ya tatu, nafasi moja tu chini ya kupanda ligi kuu. Yaani uwanjani timu ilikuwa inapona! Kilichowakatisha ni karatasi, leseni, kwa sababu chama cha soka kilitaka madeni ya nyuma yalipwe, mishahara ya miaka ya mastaa, na hela hiyo vijana wale hawakuila wao.

Na hawakuwa peke yao. Jiangsu ya Suning, kampuni iliyokuwa inamiliki Inter Milan, ilichukua ubingwa wa China Novemba 2020 na Februari 2021 ikasimamisha shughuli, mabingwa watetezi hawakutetea. Tianjin Tianhai ilishakufa 2020. Shenzhen na Dalian Pro zikafuata 2024. Wachezaji wetu nao wamepita kwenye ligi hiyo kipindi cha hela, Michael Olunga alikuwa Guizhou mwaka 2017, Ayub Masika alicheza Beijing Renhe, Cédric Bakambu wa Kongo alikuwa Beijing Guoan. Kwa hiyo mtu akisema mambo ya China hayatuhusu, yanatuhusu.

Lakini pia sio kweli kwamba ligi ya China imekufa, hilo nalo linasemwa sana. Shanghai Port walichukua ubingwa 2023 na 2024, Shenhua wapo, Guoan wapo, viwanja vinajaa. Zilizokufa ni klabu ambazo mlipaji alikuwa mmoja na yeye mwenyewe alikuwa anaishi kwa mkopo.

Sasa tuje kwa Saudi, maana ndiko mjadala unakoanzia. Juni 2023 mfuko wa uwekezaji wa taifa wa Saudi ulichukua asilimia 75 ya Al-Hilal, Al-Nassr, Al-Ittihad na Al-Ahli. Huo ni mfuko wa nchi, hela yake msingi wake ni mafuta na uwekezaji mkubwa duniani kote, haukujengwa kwa advansi za watu wanaosubiri ghorofa. Kusema watafilisika kwa njia ileile ya Evergrande ni kutoelewa Evergrande ilifilisikaje. Kinachofanana ni kwamba na kule pia klabu inalipa mishahara ambayo mpira wenyewe hauizalishi, kwa hiyo siku mwenye mfuko akiamua vipaumbele vyake vimebadilika, mshahara wa staa utabadilika. Hiyo ni hatari ya uamuzi, ya Guangzhou ilikuwa hatari ya deni. Mtu anayezichanganya atabashiri vibaya kila mara.

Na swali la mwisho ambalo huulizwa, je Guangzhou imerudi? Kuna klabu nyingine pale mjini inaitwa Guangdong GZ-Power, ilipanda hadi daraja la kwanza kwa ajili ya msimu wa 2025, msimu uleule ambao Guangzhou FC ilinyimwa leseni, na ndiyo iliyopeleka mpira wa daraja hilo Guangzhou msimu huo. Ni klabu tofauti, haijarithi madeni wala makombe. Makombe mawili ya Asia yanabaki kwenye rekodi kwa jina la Guangzhou, hakuna aliyeyafuta, na wale wanaodai mishahara yao wanaendelea kumdai mtu yuleyule aliyeahidi kulipa.